Ukitaka Kuandaa Tamasha la Mtaa Mkoani Mara, Anzia Hapa

Jijini New York, upande wa kusini wa Manhattan, kuna mtaa unaoitwa Eldridge. Mwaka 1887 Wayahudi waliohamia huko kutoka Ulaya Mashariki walifungua sinagogi kubwa katika mtaa huo. Miaka ilivyokwenda wengi wao walihamia sehemu nyingine za jiji, Wachina wakaingia, na leo sinagogi lile limezungukwa na maduka, migahawa na mabango ya Kichina. Jengo lilikarabatiwa kwa miaka mingi hadi 2007, na sasa ni makumbusho. Mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Jumapili ya mwezi Juni, barabara iliyo mbele yake hufungwa kwa saa chache na majirani wa pande mbili wanatoka nje. Hupikwa vyakula vya Kichina na vya Kiyahudi, hupigwa muziki wa huku na wa kule, watoto huketi mezani kujifunza herufi za jirani. Kiingilio hakuna. Siku hizi wameongezeka na majirani wa asili ya Puerto Rico.

Ukitazama mkoa wetu utaona kwamba malighafi ya tamasha kama hilo tunayo tele. Wakwaya, Wajita, Waruri, Wazanaki, Waikizu, Wakurya, Wangoreme, Wasimbiti, Wajaluo, Wasukuma: nyumba moja ya kupanga pale Nyasho, Musoma, inaweza kuwa na watu wa makabila manne wanaochota maji bomba moja. Tunakutana msibani na harusini. Lakini ngoma zetu tumezizoesha kuchezwa mbele ya mgeni rasmi, dakika kumi, halafu hotuba. Vidokezo hivi ni kwa mtaa unaotaka siku yake wenyewe.

1. Chagueni tamaduni mbili tu

Kishawishi cha kwanza cha kamati ni kualika makabila yote ya mkoa. Msikubali. Ukialika kumi na mawili, kila moja litapewa dakika saba jukwaani, na mtazamaji ataondoka amekumbuka rangi za mavazi tu. Mkiwa na mawili kuna muda wa mtu kuuliza swali na kujibiwa, kuonja chakula na kurudi kuomba tena. Mtaa wa Eldridge ulianza na Wachina na Wayahudi. Wa tatu alikuja baadaye, mambo yalipokwisha kukaa sawa. Mwakani mtachagua wengine.

Mawili hayo yawe ya watu wanaoishi kweli katika mtaa huo. Kama kwenu Kigera au Bweri wengi ni Wajita na Wakurya, anzeni na Wajita na Wakurya. Kikundi cha kukodi kutoka mbali kina kazi yake, ila siku hiyo ni ya majirani.

2. Tafuteni kitu ambacho pande zote mbili zinakipenda tayari

Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote, na kama kamati yenu ina muda wa kujadili jambo moja tu, lijadili hili.

Kuna mchezo wa Kichina uitwao mahjong. Huchezwa na watu wanne kuzunguka meza, kwa vigae vidogo vilivyochorwa alama, na seti ya kawaida ina vigae 144. Miaka ya 1920 mchezo huo uliingia Marekani kwa kishindo, kisha wengi wakauacha. Waliouendeleza kwa bidii ni akina mama wa Kiyahudi. Mwaka 1937 walianzisha chama chao cha taifa hukohuko New York, wakaweka kanuni zao, na hadi leo kuna bibi wa Kiyahudi waliorithi seti za vigae kutoka kwa mama zao. Kwa hiyo unapoweka meza ya mahjong barabarani Eldridge, Mchina anaijua na Myahudi anaijua, kila mmoja kwa kanuni za kwao. Wataketi, watabishana kuhusu kanuni, watacheza. Hakuna mshereheshaji anayehitajika.

Sasa tujiulize: mahjong yetu ni ipi? Tunazo nyingi. Chukua Wakurya na Wajaluo. Wakurya wana litungu, Wajaluo wana nyatiti, na vyote viwili ni ala za nyuzi za ukoo mmoja. Mpiga nyatiti huketi chini kabisa kwenye kigoda, ala ameilaza ubavuni, nyuzi nane zikimtazama. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete nzito ya chuma, na kwa pete hiyo anagonga mbao za ala yake kushika mapigo, huku njuga za mguuni zikijibu. Mikono inaimba, mguu unapiga ngoma, mdomo unasimulia. Mtu mmoja anafanya kazi ya bendi. Litungu ni kubwa zaidi na sauti yake ni nzito, ya kunguruma. Waketisheni mzee wa litungu na mzee wa nyatiti kivulini, viti viwili vinavyotazamana, bila jukwaa na bila spika kubwa, kisha waacheni wafungue nyuzi na kuulizana zimefungwaje. Watu watajaa wenyewe. Tarime na Rorya, kwao Wakurya na Wajaluo, zimewahi kujulikana kwa mapigano ya koo na wizi wa mifugo, na kijana aliyekulia kwenye habari hizo anastahili kuwaona wazee wawili wakikopeshana ala.

Bao nalo lipo. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na wazee wa Butiama hawahitaji kufundishwa. Wajaluo wana ajua, mchezo wa jamii hiyohiyo ya kete na mashimo. Wekeni mabao matatu chini ya mwembe tangu mchana.

Na jambo la pamoja si lazima liwe mchezo wala muziki. Ng'ambo ya ziwa letu, Uganda, karibu na Mbale, wanaishi Abayudaya, Waganda waliofuata dini ya Kiyahudi tangu 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu. Walipitia kipindi kigumu wakati Idi Amin alipopiga marufuku ibada yao. Mwaka 2004 Wayahudi hao, pamoja na majirani zao Waislamu na Wakristo, waliunda ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera. Kahawa walikuwa wakiilima wote tangu zamani, kila mtu na shamba lake. Walichoongeza ni kuiuza pamoja. Kwetu Mara inaweza kuwa dagaa, mtumbwi, ng'ombe, muhogo, mpira wa miguu. Tafuteni.

3. Kila upande ujieleze wenyewe

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, Myahudi wa kwanza waliyekutana naye nje ya Biblia ni Shylock, mkopeshaji mwenye riba na kisasi ndani ya kitabu hicho. Mwalimu alitupa tafsiri nzuri, nami naipenda. Ila kumbukeni kwamba Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290 na hawakuruhusiwa kurudi rasmi hadi miaka ya 1650. Shakespeare aliandika kuhusu watu ambao nchi yake ilikuwa imewafungia mlango kwa miaka mia tatu.

Ndivyo inavyokuwa kabila moja linapopewa kazi ya kuigiza kabila jingine. Mkurya anakuwa mtu wa panga tu, Mjaluo anakuwa mtu wa majivuno tu, Msukuma anakuwa mshamba. Watu wanacheka, na jirani aliyechekwa anarudi nyumbani kimya. Utani ni mali yetu nzuri, nao una wenyewe na mipaka yake. Kati ya watani unajenga, kati ya wasio watani unaweza kuumiza. Kwa hiyo wekeni sharti jepesi: anayesimulia mila ni mwenye mila. Mjita aeleze ya Wajita, na ikiwezekana aeleze bibi, kwa sababu vijana wengi wa mjini tunazijua mila zetu kwa kusikia.

4. Fanyeni Jumapili alasiri

Mkoa wetu una Wasabato wengi, na kwao Sabato huanza jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi. Tamasha la Jumamosi linawaacha nje hata kama mmewaandikia barua ya mwaliko. Wayahudi wanaoshika Sabato wana saa hizohizo, na siyo ajabu kwamba Eldridge wanafunga barabara yao Jumapili. Anzeni saa nane mchana, watu wakiwa wametoka kanisani na wamekula. Pangeni vipindi visigongane na swala ya alasiri, na spika zizimwe adhana ikiadhiniwa.

Kuhusu mwezi, epukeni masika na epukeni vuli. Juni, Julai na Agosti ni miezi mikavu, vumbi lipo lakini hema halitaelea. Septemba 15 kuna Siku ya Mara, ambayo Tanzania na Kenya huiadhimisha kwa ajili ya mto Mara na bonde lake. Mnaweza kuwa karibu nayo au mkaipisha. Oktoba 14, Siku ya Nyerere, Butiama hupata wageni wengi wanaokwenda kuzuru kaburi la Mwalimu na makumbusho yake yaliyofunguliwa 1999. Siku hiyo ni ya kumbukumbu ya kifo, kwa hiyo sherehe ya mtaa ikae siku nyingine ya juma hilo.

5. Chakula kiwe kile ambacho jirani anaweza kula

Eldridge wanauza vitafunwa vya Kichina vya kukaanga ambavyo vimetayarishwa kwa kufuata sheria za chakula za Kiyahudi, yaani bila nyama ya nguruwe wala uduvi. Ni chakula cha Mchina, kilichopikwa kwa namna ambayo jirani yake anaweza kukitia mdomoni. Heshima ya namna hiyo inashinda hotuba tatu.

Kwetu hesabu ni rahisi. Mnyama achinjwe na Mwislamu, na hilo litangazwe wazi kwenye meza. Wasabato hawali samaki wasio na magamba, kwa hiyo kambare awe na sufuria yake na sato awe na yake. Pombe isiwepo katika eneo la watoto. Mimi ningesema isiwepo kabisa, kwa sababu tamasha la majirani linaharibiwa na walevi wawili tu.

Baada ya hapo, pikeni vya kwenu kweli. Chipsi na mishikaki vipo kila siku barabara ya Mukendo. Leteni ugali wa udaga na dagaa, ugali wa mtama, maziwa ya mgando, mlenda, michembe na matobolwa kwa walio na Wasukuma. Wakurya walete kichuri, na mtu amweleze mgeni mapema kwamba uchungu ule ndivyo unavyotakiwa kuwa. Vipimo viwe vidogo na bei ndogo, mtu aonje meza nne badala ya kushibia ya kwanza.

6. Msiwashindanishe

Wasukuma wana utamaduni wa zamani wa mashindano ya Bagalu na Bagika, makundi mawili ya ngoma yanayocheza kwa wakati mmoja, na ushindi huenda kwa waliovuta watu wengi zaidi. Ukitaka kuona, nenda Bujora karibu na Mwanza mwezi Juni wakati wa sherehe za Bulabo. Inapendeza kupita maelezo. Lakini wale ni ndugu wanaoshindana ndani ya kabila moja, kwa kanuni walizozikuta kwa babu zao. Ukichukua makabila mawili ya mtaa mmoja ukawapa majaji na kombe, Jumatatu kutakuwa na malumbano ya nani alionewa. Wacheze kwa zamu, na zamu ya mwisho wacheze pamoja hata kama hatua zitapotea.

7. Kuhusu barabara na vibali

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu mtendaji wa kata, halafu afisa utamaduni wa halmashauri. Yeye atakuelekeza kibali gani cha sanaa kinahitajika kulingana na mpango wenu. Polisi waandikieni mapema. Ikiwa mnataka kufunga barabara ya mtaa, ongeeni na TARURA. Barabara kuu ni za TANROADS, na hizo msizifikirie.

Hilo linawahusu hasa watu wa Bunda. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari inapita katikati ya mji wenu, na mabasi na malori hayatasubiri ngoma iishe. Nendeni mitaa ya ndani, au uwanja wa shule. Bunda mna bahati nyingine: mko kwenye njia ya kwenda Kisorya, kwenye kivuko cha Ukerewe. Wajita na Wakerewe lugha zao zina undugu. Tamasha la Wajita na Wakerewe mjini Bunda lingejaza watu kabla hamjabandika tangazo.

Musoma tumieni ziwa. Mwigobero kuna mialo, kuna upepo wa jioni, kuna watu tayari. Butiama si mji wa mitaa mirefu, na hilo halina shida. Uwanja wa kijiji wenye miti unatosha, na vijana wa Kizanaki wana la kuwaonyesha wageni bila kutoka nyumbani.

8. Jirani aliyetoka mbali asiachwe ndani

Tangu 1968 China imekuwa ikituma madaktari Tanzania kutoka jimbo la Shandong, na Musoma ni miongoni mwa miji waliyopangiwa kufanya kazi. Kuna wazee mjini wanaowakumbuka madaktari wa Kichina waliowatibu. Baadaye wamekuja mafundi wa barabara na wenye maduka. Wengi wanaishi miaka kati yetu na tunachojua kuwahusu ni salamu yao ya "ni hao" na "bei gani". Nao pia, wengine, wanatujua hivyohivyo.

Kama mtaani kwenu yupo Mchina, Mhindi, mmisionari au mkimbizi, mpelekeeni mwaliko mkononi. Msimwombe mchango wa fedha kwanza; mkifanya hivyo mara moja, hatafungua mlango tena. Mwombeni kitu anachoweza kufanya kwa mikono: kupika tambi, kuandika jina la mtoto kwa herufi za Kichina, kukata karatasi. Ufundi wa kukata karatasi kuwa maua na wanyama upo kwa Wachina na upo kwa Wayahudi, na hufanyika meza kwa meza katika tamasha la Eldridge. Unahitaji mkasi na karatasi ya rangi, basi. Watoto wetu, ambao huunda magari kwa waya na mipira kwa mifuko, wataushika ndani ya nusu saa.

9. Watoto wapewe kazi

Wasikalishwe mbele kwenye mchanga kama mapambo ya picha. Kila meza iwe na msaidizi wa miaka kumi hadi kumi na tano kutoka kabila la pili. Binti wa Kikurya asaidie meza ya Wajita, kijana wa Kijita ashikilie ngozi wakati mzee anawamba ngoma. Wafundisheni salamu: mtoto akimaliza siku anajua kumwamkia bibi wa jirani kwa lugha ya bibi huyo, mmefaulu. Michezo yao ya rede na kombolela itajiendesha yenyewe.

10. Mgeni rasmi apewe dakika tano

Mwalikeni diwani, mbunge au mkuu wa wilaya, ni viongozi wetu na ni heshima yao kuwapo. Ila mwambieni mapema, kwa adabu, kwamba atafungua kwa dakika tano kisha atapelekwa kuonja chakula na kukalishwa kwenye bao. Viongozi wengi wataifurahia siku hiyo kuliko mnavyodhani. Hema lenye viti vya mito na maji ya chupa lisijengwe. Likijengwa, kila kikundi kitaligeukia lile hema na kuwapa majirani mgongo.

11. Fedha, vyoo na taka

Michango midogo ya kaya nyingi ni bora kuliko mfadhili mmoja mwenye bango kubwa. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani kwa mwenyekiti wa mtaa ndani ya juma moja. Ombeni vyoo vya shule au kanisa lililo karibu. Ndoo za kunawia kila meza. Wawepo vijana wa kuzoa taka wanaolipwa, siyo wa kujitolea, maana saa moja usiku wa kujitolea huwa wameshaondoka.

12. Andikeni na rekodini

Mpeni kijana mmoja mwenye simu nzuri kazi moja tu: kuwarekodi wazee. Jina la wimbo, nani alimfundisha, unaimbwa wakati gani. Awaombe ruhusa kwanza, na nakala zibaki shuleni au maktaba ya kata, mahali ambapo mwalimu anaweza kuzitumia. Mafundi wa litungu wamebaki wachache, na wengi wao ni watu wazima sana.

Kamati ya watu saba inatosha kuanza, watatu kutoka kila upande na mmoja wa kuamua mkikwama. Vibali huchukua muda, kwa hiyo mkitaka Juni, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa wenu kabla ya Machi.